Kosa la Mpiga Kinanda

Mwezi wa Desemba 1977, mjini Montevideo, nchini Uruguay, alitekwa mpiga piano mmoja aitwaye Miguel Ángel Estrella. Waliomteka hawakuwa majambazi. Walikuwa askari wa serikali, na Uruguay wakati huo ilikuwa imekwisha kaa miaka minne na ushei chini ya mkono wa jeshi. Shutuma rasmi ilikuwa kwamba ana uhusiano na waasi wa kwao Argentina. Alifungwa kitambaa cha macho akateswa siku baada ya siku, na sehemu kubwa ya mateso hayo ilielekezwa kwenye mikono yake, kwa kuwa watesaji walijua vyema mikono ile ilikuwa nini kwa mwenyewe. Walifika hadi ya kumwashia msumeno wa umeme karibu na vidole.

Estrella aliokoka. Na kwa miaka zaidi ya arobaini iliyomsalia duniani alisimulia mara nyingi kauli ya ofisa mmoja aliyekuwapo katika chumba kile. Kwa muhtasari, ofisa alimwambia kuwa yeye ni mbaya kuliko mwenye bunduki, kwa sababu kwa kinanda chake na tabasamu lake huwatia mafukara mfukoni, akawafanya waamini kwamba wao nao wanaweza kumsikiliza Beethoven. Kwa ajili hiyo hatapiga tena maishani mwake.

Basi hilo ndilo lililokuwa kosa lenyewe, ambalo hapana hati ya mashtaka ingethubutu kuliandika waziwazi. Nataka nilizingatie hapa pamoja na wasomaji wa jarida hili, ambao wengi wao hawakupata kumsikia Estrella na pengine hawana haja kubwa na Beethoven. Naamini ofisa yule aligusa suala ambalo sisi wapenzi wa sanaa hulipitia kwa mbali: je, kitu kizuri kina wenyewe? Na akitokea mtu akakichukua kutoka huko kilikozoeleka, akakipeleka kwa watu ambao hawakukiagiza, huwa amewafanyia ihsani, amewadharau, au hakufanya lolote la maana?

Kwanza tumjue mtu. Estrella alizaliwa mwaka 1940 katika jimbo la Tucumán, kaskazini-magharibi ya Argentina, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Buenos Aires. Ni jimbo dogo kuliko yote ya nchi hiyo, na ni jimbo la miwa. Anayezijua nchi za miwa anajua maana yake: msimu mmoja wa jasho jingi, halafu miezi ya kungojea; nyumba za wafanyakazi zilizopangwa karibu na kiwanda, duka la kiwanda, deni la kiwanda. Mwaka 1966 serikali ya kijeshi iliyokuwa imeshika madaraka Argentina ilifunga viwanda 11 vya sukari katika jimbo hilo, kati ya 27 vilivyokuwapo, na watu kwa makumi ya maelfu wakahama kwenda kutafuta riziki pembezoni mwa miji mikubwa. Estrella alikuwa amekwenda kusoma muziki Buenos Aires, kisha Paris, kwa Nadia Boulanger, mwalimu ambaye nusu ya watunzi mashuhuri wa karne ile walipita mikononi mwake. Njia ilikuwa wazi mbele yake: Paris, London, New York, suti nyeusi, makofi. Yeye alirejea kwao, na pamoja na kazi ya kumbi kubwa akaanza kupiga kwa wakata miwa na wakulima wa milimani. Katika siasa alikuwa mfuasi wa Perón, wala hakulificha hilo. Jeshi lilipoipindua serikali ya Argentina mwezi wa Machi 1976, watu wa aina yake hawakuwa na usalama tena. Akavuka mto kwenda Uruguay, ambako mkono ule ule ulimngojea, kwani majeshi ya nchi zile yalikuwa yakishirikiana katika kuwasaka watu.

Sasa tuirudie ile kauli. Jambo la kushangaza ndani yake ni kwamba inatoka kwa mtu ambaye, kwa namna yake mbaya, aliuamini muziki. Mtu anayedhani kuwa sanaa ni pambo tu hawezi kumtesa mpiga kinanda kwa sababu ya Beethoven. Atamwacha apige mpaka achoke. Ofisa huyu aliona hatari. Lakini hatari ipi? Sonata haina maneno. Haimtaji tajiri wala mkata miwa, haina wito wa kugoma, haimsifu Perón wala kumlaani. Anayetaka kuchochea uasi ana zana bora zaidi ya hiyo.

Nadhani jibu limo ndani ya namna sonata inavyojengwa. Mtunzi huanza kwa kukupa sauti moja, kisha huleta ya pili isiyofanana nayo. Halafu huziondoa nyumbani zote mbili. Huzipeleka mbali, huzivunja, huzivisha nguo zisizokuwa zao, hata ukafika mahali pa kukata tamaa. Kisha huzirudisha. Na wakati wa kurudi ndipo msikilizaji hupata alichokijia, kwa sharti moja tu: awe alikumbuka zilivyokuwa mwanzoni. Kazi nzima yaweza kuchukua nusu saa, na kwa nusu saa hiyo inamtaka mtu akae kimya, aweke akiba akilini, angoje, atambue. Mkata miwa tangu alfajiri mpaka magharibi huambiwa, kwa vitendo kama si kwa maneno, kuwa yeye ni mikono. Jioni moja akakaa kwenye benchi, akaisikia ile sauti ya kwanza ikirudi baada ya safari ndefu, na akaitambua bila ya kufundishwa na mtu. Tangu hapo anajua kuwa alilokuwa akiambiwa juu ya nafsi yake ni uongo. Hapana hotuba iliyomwambia, amejithibitishia mwenyewe. Hilo ndilo alilolihofu ofisa, na katika hilo alikuwa na akili kuliko wapenzi wengi wa muziki wanaokaa viti vya mbele.

Watu wa pwani hatuna haja ya kuelezwa sana jambo hili. Kila aliyehudhuria majlisi ya ushairi katika mitaa yetu amepata kumwona mvuvi asiyeweza kuandika jina lake akiinua kichwa pale mshairi anapopotoza kina katika ubeti wa nane. Hakusoma kitabu cha mizani. Sikio lake lina elimu yake, na elimu hiyo haikuomba ruhusa kwa mwenye shule.

Lakini nitakuwa si mkweli nikijifanya kuwa ofisa peke yake ndiye anayesema Beethoven si wa mafukara. Wapo watu wema, wasiomiliki misumeno ya umeme, wanaofika mahali hapo hapo kwa njia nyingine, na hoja zao zinastahili heshima.

Hoja ya kwanza ni ya chakula. Viwanda 11 vimefungwa, watoto wanalala na njaa, na wewe waleta kinanda? Si ungeleta unga? Hoja hii ina uzito, na kila msanii anayekwenda kwenye dhiki sharti aende nayo kifuani. Isipokuwa nimeona jambo moja: aghalabu hoja hii huletwa na aliyekwisha kula. Wenye njaa wenyewe huimba. Huimba mazishini na harusini, huimba wakitwanga, na hawakupata kungoja ghala zijae ndipo wapige ngoma. Anayesema fukara apewe unga kwanza na muziki baadaye amempangia mwenziwe ratiba ya ubinadamu ambayo yeye mwenyewe haifuati. Kwake vyote viwili vimo mezani kwa wakati mmoja. Tena Estrella hakuwa mtu wa kuleta muziki badala ya unga. Alikuwa na msimamo wake kuhusu ardhi na ujira, na msimamo huo ndio uliomfikisha mikononi mwa jeshi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na kwetu sisi ina kumbukumbu chungu. Inasema: huu muziki wa kinanda ni wa Ulaya. Wakulima wa Argentina ya kaskazini wana miondoko yao, wana filimbi na ngoma zao za milimani, wana nyimbo zilizorithiwa tangu kabla ya Mhispania kushuka chomboni. Kumpelekea mtu kama huyo Beethoven ni kumwambia kuwa chake hakitoshi. Na nani asiyekumbuka katika Afrika yetu jinsi misheni nyingi zilivyoleta kinanda cha kanisani kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili zikakataza ngoma, zikiziita za kishenzi? Kinanda kile kilikuja na darasa, na darasa lilikuwa na somo moja: acha chako.

Siikatai historia hiyo. Ila naikataa hatima inayofikiwa. Kwani ukiisukuma hoja hiyo mpaka mwisho wake, inamwambia mkata miwa: wewe una muziki wako, kaa nao; ule mwingine ni wa watu wa mjini. Mpaka ni ule ule aliouchora ofisa. Kilichobadilika ni sauti tu, mmoja akiuchora kwa dharau na mwingine kwa mapenzi. Mtu wa mjini, Paris au Buenos Aires, ana ruhusa ya kusikiliza filimbi ya milimani asubuhi na Bach jioni, na huitwa mtu mwenye upeo. Mtu wa milimani akitaka vyote viwili huambiwa anapoteza asili yake. Kwa nini asili iwe kifungo kwa mmoja na dirisha kwa mwingine?

Hapa kwetu tuna ushahidi ulio hai. Taarab hii tunayojifaharisha nayo ilikuwa nini ilipoingia? Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alikuwa na wapigaji wake wa kasri, na alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza qanuni. Ulikuwa muziki wa waalikwa, kwa lugha ya Kiarabu, katika ua ambao mpita njia hakuusogelea. Ikhwani Safaa ilipoundwa mwaka 1905 ilikuwa bado ni jambo la waungwana wa mjini. Kisha akaja mwanamke kutoka Fumba, binti wa wafinyanzi, aliyekuwa akibeba vyungu vya mamake kuvitembeza, akauchukua muziki ule akautia Kiswahili na akauimba mbele ya wakubwa na mbele ya watu wa Ng'ambo. Mwaka 1928 Siti binti Saad akaenda Bombay kurekodi santuri. Hapana shaka walikuwapo waliouliza: huyu na qanuni wapi na wapi? Leo fidla, akodiani na selo zimo katika taarab, na hapana mtoto wa Unguja anayeziita ala za Kizungu. Hata jina kinanda ni shahidi: zamani liliitwa kwalo chombo cha nyuzi cha mwambao, ilipofika piano, na ilipofika ala ya kanisa, lugha haikuhangaika, ikawakaribisha wageni wote ndani ya nyumba ile ile.

Tofauti baina ya Siti na Estrella naiona. Siti alikichukua kitu kwa mkono wake mwenyewe, hakuletewa. Wakata miwa waliletewa. Kuchukua kuna hadhi ambayo kupokea hakuna, na hapo ndipo ugumu wa suala hili ulipo hasa. Hata hivyo, ili Siti achukue, sharti muziki uwe umesikika mahali sikio lake lilipofika. Asiyepata kusikia hawezi hata kukataa. Naam, hili nalihesabu kuwa ni haki mojawapo: haki ya kukisikia kitu kikamilifu kisha ukasema hukipendi.

Na neno "kikamilifu" nalitilia mkazo. Nimeshughulika na tafsiri ya mashairi kwa miaka mingi, na nimekwisha kuambiwa na mchapishaji mmoja, kwa upole kabisa, kuwa shairi fulani nililolitia Kiswahili ni "la juu mno". Nilikate, nilirahisishe, kwani msomaji wetu ni mtu wa kawaida. Sikumuuliza huyo mtu wa kawaida ni nani. Nilitamani nimuulize kama anaamini kuwa Mwalimu Nyerere, alipoitoa tafsiri yake ya *Julius Caesar* mwaka 1963 akiwa na nchi changa ya kuongoza, alikuwa akiwaandikia maprofesa. Anayepunguza kitu kwa ajili ya mwenziwe amekwisha kumpima mwenziwe, na amempima kwa siri.

Ndiyo sababu, nikiwafikiria wapiga piano waliokwenda mbali, simsahau Sviatoslav Richter, ambaye hali yake ilikuwa kinyume kabisa na ya Estrella. Richter, mzaliwa wa Zhytomyr nchini Ukraine, alikuwa kwa sehemu kubwa amejifundisha mwenyewe hata alipofika kwa mwalimu Heinrich Neuhaus mjini Moscow mwaka 1937, akiwa na miaka 22. (Sisi tusiopita vyuoni huyapenda masimulizi ya namna hii, na msomaji atatusamehe.) Mwaka 1986, akiwa na miaka 71 na jina linalojaza ukumbi wowote duniani, alifunga safari ya nchi kavu kuvuka Siberia, miezi kadhaa, akipiga katika miji midogo ambayo mingine haikuwa na ukumbi wa muziki. Piano kubwa ya maonyesho, ikumbukwe, si zumari la kutia kwapani. Ina urefu wa karibu mita tatu na uzito unaokaribia kilo 500. Ndani yake mna nyuzi zaidi ya 200 zilizokazwa kwa nguvu ambayo jumla yake hufika tani 20 hivi. Na baridi, joto na unyevu huiharibu sauti yake mara moja. Kuipeleka kijijini ni kazi ya magari, wabebaji na fundi wa kukaza nyuzi. Kila anayesema "peleka muziki kwa watu" ajue kuwa anasema pia "beba".

Richter hakuja Siberia na vipande vya kufurahisha wageni. Alikuja na kazi zile zile ambazo angezipiga Moscow. Katika miaka hiyo alikuwa na ada ya kuzima taa za ukumbi, akabakisha taa moja ndogo juu ya karatasi za noti, ili watu wasiuangalie uso wake wala mikono yake, wasikilize tu. Mimi naona heshima katika giza lile. Katika giza hapana mgeni mashuhuri na mwenyeji mnyonge. Iko sauti, na yako masikio.

Lakini mtu huyo huyo anatupa fundisho jingine, lenye uchungu. Dola iliyokuwa ikijifaharisha naye ndiyo iliyomuua baba yake kwa risasi mjini Odessa mwaka 1941, kwa kuwa alikuwa na damu ya Kijerumani na akashukiwa ujasusi. Dola hiyo ilipenda wapiga piano waende kwa wafanyakazi. Ilikuwa sehemu ya sifa yake. Tendo lililomfikisha Estrella kwenye kitambaa cha macho, Urusi ya Kisovieti ililihesabu kuwa ni utumishi wa umma. Kwa hiyo haitoshi kusema kuwa kuwapelekea watu muziki ni jambo jema. Watawala nao hulitumia. Matajiri nao hulitumia, na siku hizi zaidi: msanii hushuka kijijini na wapiga picha watatu, hucheza dakika ishirini, watoto hukusanywa wakatabasamu, na kabla ya jua kuchwa gari limekwisha ondoka. Picha huenda mbali kuliko muziki ulivyokwenda. Sisemi dakika ishirini zile hazina kitu. Pengine mtoto mmoja kati ya wale alisikia jambo asilolisahau. Lakini hapo aliyehudumiwa zaidi ni nani?

Kutoa ni moyo, twasema, usambe ni utajiri. Nami ningependa kuuliza zaidi juu ya moyo huo. Upo moyo unaotoa ili aonekane mtoaji, na upo unaotoa kwa sababu hauwezi kustahimili kula peke yake. Namna ya kuitambua tofauti, kwa kadiri nilivyoona, ni kumtazama mpiga kinanda baada ya kufunga kifuniko cha kinanda. Je, anakaa? Anauliza? Akipigiwa naye, anajua kunyamaza? Estrella alikuwa mtu wa kuzungumza na wasikilizaji wake, kutaka wamwambie wamesikia nini, na kuusikiliza muziki wao. Mtu anayetaka kujua mwenziwe amesikia nini hawezi kuwa amemdharau.

Baada ya mateso, Estrella alipelekwa katika gereza la Libertad, umbali wa kilomita 50 hivi kutoka Montevideo. Jina hilo ni la mji ulio jirani, na maana yake kwa Kihispania ni Uhuru. Ndivyo ilivyo, sikutunga. Jeshi lilikuwa limelitenga kwa wafungwa wa kisiasa, na humo mtu hakuitwa kwa jina lake bali kwa nambari. Huko nje, Nadia Boulanger, aliyekuwa amepindukia miaka 90, Yehudi Menuhin mpiga fidla, na mtunzi Henri Dutilleux waliongoza kelele ambazo hazikuzimika, barua baada ya barua, onyesho baada ya onyesho. Baada ya muda akaruhusiwa kuwa na kinanda bubu: safu ya vibao vya kubonyezea, isiyokuwa na uzi hata mmoja nyuma yake. Vidole vyake, ambavyo mateso yalikuwa yameviharibia hisia, alivifundisha upya juu ya vibao hivyo.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na kila mara nikakwama hapo hapo. Mtu ambaye kosa lake lilikuwa kuwapelekea muziki wasiokuwa nao, sasa ndiye aliyekuwa kijiji cha mbali kuliko vyote, kisichofikiwa na gari. Na kile kibao kikavu kilimtosha, si kwa sababu alikuwa na nguvu zisizo za kawaida, ila kwa sababu muziki ulikuwa umekwisha kuingia ndani, pale ambapo mlinzi wa gereza hana ufunguo. Hicho ndicho alichokuwa amekwenda kukiweka kwa wakata miwa. Kinanda chenyewe kilirudi garini kila jioni. Kilichobaki kijijini ni kile ambacho mtu aliweza kukikumbuka. Mshairi anaelewa biashara hii, kwa kuwa nasi hatuna bidhaa nyingine.

Aliachiliwa mwezi wa Februari 1980. Boulanger hakuiona siku hiyo. Alikuwa amefariki Oktoba iliyotangulia. Estrella alikwenda kuishi Ufaransa, na mwaka 1982 akaanzisha jumuiya aliyoiita Musique Espérance, yaani Muziki na Matumaini, akaendelea na lile lile aliloambiwa hatalifanya tena: alipiga magerezani, hospitalini, viwandani, vijijini. Ulimwengu ulimpa vyeo. Alikuwa balozi wa hisani wa UNESCO, na baadaye balozi wa Argentina katika shirika hilo. Nayasema haya kwa haraka kwa kuwa vyeo havikuongeza kitu katika suala letu. Alifariki Paris tarehe 7 Aprili 2022.

Lililoongeza ni kazi moja ya miaka yake ya baadaye, huko Argentina. Aliiita Sauti ya Wasio na Sauti. Jina hilo, niseme kweli, silipendi. Watu wa bonde la Humahuaca walikuwa na sauti kabla ya Estrella na kabla ya Beethoven. Walichokosa ni mtu wa mjini wa kuwasikiliza, na huo ni upungufu wa masikio ya mjini. Lakini kazi yenyewe ilikuwa safi kuliko jina lake. Vijana wa familia fukara na wa makabila ya wenyeji walifundishwa muziki, kisha wakatumwa kwa wazee wao wenyewe, na kitu walichoagizwa kurudi nacho kilikuwa ni nyimbo.